Watoto wa Tanga tunafelishwa intavyuu na adabu zetu wenyewe (uzi mrefu, chukueni chai)

#1 Dada Fotokopi

Habari za asubuhi wakuu, wakubwa shikamooni.

Nina kaduka kangu ka steshenari Chumbageni, nachapa sivii, natoa kopi vyeti, napiga laminesheni, wengine humu mnanijua kwa sura na naomba mkae kimya hivohivo. Tangu lile jiwe la msingi la bomba la mafuta liwekwe Chongoleani 2017 sivii ndo zinaniwekea ugali mezani, kila mwenye cheti kapita kwangu. Kabla ya hapo nilikaa miaka saba ofisi ya utumishi ya kampuni moja hapahapa mkoani, jina naliacha. Siku za usaili kazi yangu ilikuwa kuita majina pale benchini, kukagua vyeti, alafu naingia ndani nakaa kona naandika muhtasari wa paneli, yani wale wakubwa wanaouliza maswali. Kwaiyo nimeona pande zote mbili, kule nje mtu anavyolowa jasho la mikono na huku ndani wakubwa wanavyomjadili mlango ukishafungwa.

Sasa juzi kaja kijana kuchapa sivii, ni mara ya nne mwaka huu namchapia. Ana diploma ya umeme, mtoto katulia, hana makuu. Nikamuuliza mdogo wangu we ukiingia mule ndani huwa unafanyaje, hebu toka nje alafu ingia kama mimi ndo paneli.

Jamani. Kapiga hodi kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto mchanga. Kaingia kainama, kasema shikamoo anaiangalia kalenda ya ukutani, kasimama nyuma ya kiti mikono kaifumbata mpaka nilivyomwambia kaa, na alivyokaa kakalia ncha tu kama kiti kina mwenyewe anakuja. Nikamwambia haya tueleze fildi ulifanya nini. Kasema "tulikuwa tunasaidia saidia mafundi." Mnasaidia nini? "Mambo ya pale pale tu."

Nikamnunulia soda nikaanza kumbana taratibu kama namchambua samaki. Kumbe pale alipofanya fildi kulikuwa na mota ya pampu inaungua kila baada ya muda, wanaipeleka kusukwa, inarudi, inaungua tena, mafundi wanasema mota mbovu. Huyu mtoto ndo aliyechukua mita akapima akakuta fezi moja kati ya tatu inakuja inapotea, waya umelegea kwenye kontakta (ile swichi ya kuwashia mota), sa mota inabaki inazunguka na fezi mbili inavuta umeme mwingi inachemka mpaka inajikaanga. Akamwita fundi mkuu pembeni akamwonyesha, wakakaza, wakafunga na rilei ya kukata fezi ikikosekana. Haijaungua tena mpaka anaondoka.

Nikamuuliza hii habari umeshawahi kuisema kwenye intavyuu yoyote? Kasema hapana dada, si nitaonekana najisifu. Na fundi mkuu nae atajisikiaje.

Yani fundi mkuu hayupo mule ndani! Yuko kwake anakula muhogo na chachandu!

Hapo ndo pana uzi wangu. Sisi huku tumelelewa kwamba mbele ya mkubwa unashusha macho, unashusha sauti, kizuri ulichofanya wewe unasema "tulifanya", na anayejinadi ni mtu wa sokoni. Adabu nzuri kabisa na mimi wanangu nawalea hivyohivyo. Ila kwenye paneli anakaa mtu mwingine katoka Dar, mwingine Mwanza, mwingine mgeni kabisa, na wao wanasoma kitu tofauti. Macho chini wanaandika "hajiamini". "Tulifanya" wanaandika "hana mchango wake binafsi". Sauti ndogo wanaandika "ataweza kweli kusimamia watu?" Nimeyaandika hayo maneno mimi kwa mkono wangu nikijua kabisa yule mtoto sio hivyo alivyo.

Lililoniuma kuliko yote ni la dada mmoja alikuja nafasi ya stoo. Majibu yake yote safi, hesabu anazijua, kaulizwa mzigo ukipungua anafanyaje kajibu vizuri mpaka mhasibu akatikisa kichwa. Mwishoni meneja akamuuliza ukichaguliwa unaweza kuanza Jumatatu? Kasema inshallah. Meneja akarudia, Jumatatu unaweza? Kasema "inshallah, Mungu akipenda." Katoka. Meneja kafunika faili kasema huyu hana uhakika, nafasi ya stoo inataka mtu wa uhakika. Mzee mmoja wa hapahapa Tanga akajaribu kumwelewesha kwamba huku hilo ndo jibu la mtu mwenye uhakika, asiyesema inshallah ndo wa kumwogopa, lakini maksi zilishaandikwa. Mimi nikaandika "hakuonyesha uhakika wa kupatikana".

Naendelea baadae, kuna mteja ana kurasa 60.

#2 Dagaa wa Sahare

Nimewahi siti ya mbele

Dada umenigusa. Mimi hiyo ya kukalia ncha ya kiti ndo mimi kabisaaa.

#3 Msaka Tonge

Dada unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kazi Tanzania hii ni kimemo, unaweza ukaingia unatazama macho mpaka paneli ione aibu, kama huna mjomba unarudi Makorora kulala. Tusidanganyane asubuhi asubuhi.

#4 Dada Fotokopi

Msaka Tonge kaka angu sikatai, vimemo nimeviona, vingine nimevipokea mimi mapokezi vimefungwa kwenye bahasha ya khaki. Nafasi zikiwa tatu moja unaweza kukuta ina mwenyewe toka wiki iliyopita. Ila zile mbili zilizobaki mnagombania kweli, na ndo ninazoziongelea. Na nikwambie kitu, mtu aliyeshaamini kazi imeshatoka huwa tunamwona toka anapoingia. Anakaa kama kaja kutoa ushahidi, kila swali analijibu kwa kifupi kwa hasira. Huyo hata angekuwa na nafasi anaitupa mwenyewe.

#5 Msomi Njaa

Mada nzuri, mi nilisoma haya mambo chuo (na bado niko mtaani mjue, kusoma sio kupata). Hii anayoisema dada ina historia ndefu. 1920 huko Marekani Edward Thorndike aliangalia maofisa wa jeshi wanavyowapa alama askari wao, akakuta ofisa akishampenda askari kwa umbo na unadhifu basi na akili anampa, na uongozi anampa, na uaminifu anampa, kila kitu kinapanda pamoja wakati ni vitu tofauti kabisa. Yani sifa moja inamwagikia zote. 1946 Solomon Asch nae akachukua orodha ya sifa za mtu, kundi moja akawasomea ina neno "mchangamfu", kundi la pili orodha ileile ila hapo kaweka "baridi", basi mtu huyohuyo akaelezwa kama watu wawili wasiojuana. Na ukianza na sifa nzuri ukamalizia na mbaya mtu anapendwa kuliko ukigeuza, wakati sifa ni zilezile.

Alafu 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa chuo kikuu cha Princeton wakaonyesha watu picha za sura kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Sehemu ya kumi! Watu wakawa tayari wameshaamua huyu mwaminifu huyu sio, na walivyoongezewa muda wa kuangalia hawakubadilika sana ila walizidi tu kujiamini na uamuzi wao.

Sa we hapo unatunga jibu la swali la tatu, mwenzio kashamaliza zamani.

#6 Dada Fotokopi

Msomi Njaa hiyo ya sifa moja kumwagikia zote nimeiona kwa macho makavu. Fomu yetu ilikuwa na mistari mitano, uelewa wa kazi, uzoefu, mawasiliano, nidhamu, sijui na mwonekano, kila mmoja maksi 20, chini kabisa jumla. Kulikuwa na mkuu mmoja wa idara, yeye msailiwa akitoka anaanza kuandika chini kabisa, 68, alafu ndo anapanda juu kugawa, 14 hapa, 13 pale, anahesabu na vidole mpaka itimie 68. Siku moja ikazidi ikawa 70 akafuta nidhamu akapunguza mbili. Mtu kapunguziwa nidhamu kwa sababu ya hesabu ya kujumlisha.

#7 Dagaa wa Sahare

😂😂😂 nidhamu imepunguzwa na hesabu nimecheka mpaka nimeamsha mtoto

Mi ngoja nitoe yangu. Usaili wa serikali nimeenda Dodoma mara sita, nauli yangu, gesti yangu, chips zangu. Mchujo wa kuandika napita, kwenye mahojiano naangukia. Nilikuwa nimekariri kizungu cha kujieleza dakika mbili, nimekikariri kwenye basi toka Kange mpaka naingia Dodoma, abiria wa pembeni alidhani nasali. Naingia mule naambiwa jieleze, nikaachia kama kaseti, nikafika katikati neno likagoma. Sasa kaseti ikikatika unarudi mwanzo si ndio, na mimi nikarudi mwanzo!! Nikaanza tena jina langu naitwa. Nikaona baba mmoja anajikuna kidevu anaficha kicheko.

Na vijana mkiitwa someni tangazo mpaka chini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanaandika wazi vyeti halisi, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, na kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, wala provisheno (matokeo ya muda). Kila safari nakuta mtu analia mlangoni na karatasi yake ya matokeo mkononi, katoka mbali.

#8 Ukhti wa Makorora

Assalam aleykum. Dada Fotokopi umesahau la kushikana mikono. Mimi sishikani mkono na mwanaume asiye maharimu wangu, na kila makala ya kutafuta kazi inasema toa mkono kwa nguvu utazame macho.

Mara ya kwanza nilipoitwa, yule baba wa katikati kasimama kaniletea mkono, mi nikarudisha wangu nyuma haraka nikasema "samahani" kwa sauti ya ndani kwa ndani. Mkono wa mzee wa watu ukabaki hewani. Chumba kizima kikawa baridi na mimi mwenyewe sikukumbuka tena hata jina la chuo changu.

Mara ya pili nikajifunza, navuka tu mlango nishaweka mkono kifuani, natabasamu, nasema shikamooni wakubwa zangu, kwa sauti, kabla mtu hajanyanyuka. Hakuna aliyebaki na mkono hewani, wakaitikia wote marahaba. Kumbe tatizo sio kutoshikana, tatizo ni kumwacha mwenzio aibike. Kazi nilipata, mwaka wa tatu huu namshukuru Mungu.

#9 Msomi Njaa

Ukhti hapo umetoa somo. Na kweli kuna utafiti wa 2008, Greg Stewart na wenzake chuo kikuu cha Iowa, Marekani, wanafunzi 98 wakafanyiwa intavyuu za majaribio, waliobana mkono vizuri walipewa alama za juu. Lakini hiyo ni Iowa bwana. Huku kwetu ukimbana mzee mkono kwa nguvu anakuuliza we mtoto wa nani.

#10 Bosi Mdogo

Nina lodji upande wa Raskazone, vyumba vichache tu, naajiri mwenyewe. Ngoja niwape upande wa anayelipa mshahara.

Mimi wanyenyekevu hawanisumbui, nawajua, mi mwenyewe wa Pangani. Wanaoniudhi ni hawa waliojifunza mtandaoni. Nikiuliza udhaifu wako nini, ananijibu "udhaifu wangu nafanya kazi kupita kiasi". Wanne kwa siku moja wananiambia hivyo, maneno yaleyale, nikajiuliza mbona wanafanya kazi kupita kiasi wote na wote hawana kazi.

Sasa nimeacha maswali mengi. Anayetaka uhudumu namwambia nenda jikoni niletee chai vikombe vitatu kwenye trei. Mwaka jana kaja binti mmoja mkono unamtetemeka, kafika mezani kikombe kimoja kikayumba chai ikamwagikia sahani. Wenzie kabla yake waliomwaga walikuwa wanaiweka hivyohivyo wanajifanya hawajaona, mmoja kaifuta na kiganja. Huyu kasema "nimemwaga, naomba kitambaa kiko wapi?" Kafuta, kabadilisha sahani, karudi. Alikuwa hata macho hanitazami vizuri. Nikamwambia njoo kesho.

Ila na nyie mnaokuja na simu mezani imelala kifudifudi inanguruma kama mashine ya kusaga, izimeni tu.

#11 Msaka Tonge

Bosi Mdogo unataka mlinzi wa usiku? Sina mjomba lakini sina usingizi pia.

#12 Bosi Mdogo

Njoo. Ila utabeba chai kwanza.

#13 Kijana wa Barabara ya 12

Swali kwa dada, sasa tufanyeje? Tuache adabu tuwe kama watu wa Kariakoo?

#14 Dada Fotokopi

Hapana mwanangu, na ndo nilitaka nirudi hapa maana naona inaelekea huko.

Shikamoo usiiache hata siku moja, toa, tena itoe ya kusikika mpaka kona niliyokuwa nakaa mimi. Aliyekuuliza swali mtazame unapoanza kujibu, kama macho yanakuwia magumu tazama paji la uso, hajui tofauti. Ukikaa kaa kiti chote, umekaribishwa. Na hilo la "tulifanya" usiliue, ligawe tu. Sema "tulikuwa mafundi wanne, mota ilikuwa inaungua, mimi nilipima nikakuta fezi inapotea, fundi mkuu akakubali tukarekebisha." Fundi mkuu heshima yake kapata na wewe umeonekana. Hapo hujajisifu popote, umehadithia tu.

Na usilolijua sema hulijui. Nimeona watu wazima wanaogelea pale mbele, swali la dakika moja anakwenda nalo dakika sita anatafuta ufukwe. Paneli wanaanza kuangaliana. Sema hicho sijakishika, nilichowahi kushika kinachofanana nacho ni hiki. Yule mkuu wa idara wa 68 alikuwa na roho ngumu lakini hapo alikuwa analainika, mara nyingi nimemsikia anasema "angalau huyu hatatuunguzia mashine kwa kujifanya anajua."

Kuhusu pale nje, wengi wanasema mlinzi anapeleka taarifa ndani. Mlinzi wetu alikuwa hapeleki chochote, anasinzia. Lakini mimi niliyekuwa naita majina nilikuwa naingia ndani na nafsi yangu. Umenijibu vibaya benchini kwa sababu nimeomba cheti halisi mara ya pili, alafu ndani mkuu ananigeukia anauliza mlionaje huyo huko nje? Mimi ni binadamu, nilikuwa nasema.

#15 Msomi Njaa

Dada naheshimu ila kuna kitu kinanikera hapa. Kwa nini siku zote anayebadilika ni mwombaji? Hao wakubwa wamekuja kufanya kazi Tanga, wamelipwa, wameshindwa kujifunza inshallah maana yake nini? Kuna Schmidt na Hunter 1998 walikusanya tafiti za miaka 85, wakakuta intavyuu iliyopangwa, kila mtu maswali yaleyale na alama kwa utaratibu uleule, inatabiri utendaji wa mtu kazini vizuri kuliko ile ya kupiga stori na kusikilizia roho inasemaje. Hii sio siri. Paneli wangeandika alama ya kila swali palepale kabla ya kuhamia linalofuata, yule dada wa stoo si angekuwa kazini leo?

#16 Dada Fotokopi

Angekuwa. Na mimi ningekuwa na roho nyepesi.

Niliwahi kupeleka hilo wazo kwenye kikao, tuandike maksi swali kwa swali. Wakasema itachelewesha chakula cha mchana.

Lakini Msomi mi wanaokuja dukani kwangu sio wakuu wa idara, ni hawa watoto. Siwezi kumwambia subiri paneli ijifunze, kodi ya chumba Mikanjuni haisubiri.

#17 Fundi Mota

Dada shikamoo. Huyo wa kiti na kalenda ni mimi na hukuniomba ruhusa 😭😭

#18 Dagaa wa Sahare

WEEEEE

#19 Dada Fotokopi

Marahaba mdogo wangu 🙈 nisamehe, jina sijataja, na nilidhani we wa kuangalia mpira tu mitandaoni.

#20 Fundi Mota

Haina shida dada. Nimeitwa Alhamisi upande wa Pongwe, saa mbili asubuhi. Naogopa nikianza ile habari ya mota nitaonekana naichokonoa kampuni ya watu.

#21 Bosi Mdogo

Usitaje wapi. Sema "nilipofanya fildi". Wao wanataka mota, hawataki anuani.

#22 Ukhti wa Makorora

Toka nyumbani mapema, usitegemee daladala moja ya mwisho. Ufike ukae unywe maji, jasho likauke. Tutakuombea.

#23 Fundi Mota

Nimetoka muda si mrefu, naandika niko kituoni.

Walikuwa watatu, mama mmoja katikati. Nikatoa shikamoo mpaka nikajishtukia, sauti imekuwa kubwa kuliko nilivyopanga. Nikakaa kiti chote. Nikahadithia mota. Yule baba wa kulia akaacha kuandika akaniuliza ulijuaje kama ni fezi na sio beringi, nikamwambia mota ilikuwa inaguna kabla ya kuanza kuzunguka na beringi tulikuwa tumebadilisha wiki mbili nyuma, ndo nikachukua mita. Akaniuliza kitu cha kuprogramu mashine kwa kompyuta, nikasema sijakishika, nilichoshika ni paneli za kontakta za kawaida. Akasema haya.

Mwisho mama akauliza ukichaguliwa unaanza lini. Nikasema Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nitakuwa getini. Kavu kabisa, dada ungejivunia.

Nikaaga, nimefika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, mdomo wenyewe ukasema inshallah.

Yule mama kacheka, kaitikia "inshallah baba".

#24 Dada Fotokopi

Sasa hiyo hata mimi sijui ningeiandikaje kwenye muhtasari.

Pita dukani ukirudi, hela ya kopi za vyeti hukunilipa.